Mayai Kwenye Pipa Kavu

Fundi wa matairi alikuwa na pipa lililokatwa nusu. Kila tyubu iliyotoboka aliizamisha humo, akatazama mapovu yanatokea wapi.

Mvua zilizopita, binti yake aliugua homa ya dengi. Alilazwa siku tisa. Daktari hakuficha kitu: akiipata tena, inaweza kuwa mbaya zaidi. Fundi aliporudi nyumbani akamwaga maji yote, akaliegemeza pipa ukutani. Likakaa kavu miezi minne. Kazi akaifanya kwa beseni dogo.

Sasa mawingu yalianza kukusanyika. Wateja wakaongezeka. Fundi akalivuta pipa, akashika ndoo ya maji.

"Umelisugua, shemeji?" Aliyeuliza alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mhudumu wa afya mtaani. Alikuja kujaza upepo baiskeli yake.

"Nilisugue la nini? Limekauka kama mfuko wako."

Shemeji akainama. Akapitisha kidole ndani ya pipa, chini kidogo ya ukingo, akamwonyesha vidoa vyeusi. "Haya ni mayai ya mbu. Yule wa mchana, mwenye madoa meupe miguuni. Anayabandika ukutani, juu kidogo ya maji. Yanakaa makavu miezi mingi. Maji yakiyafikia, yanaanguliwa."

"Sawa, yaanguliwe. Lakini hapa hakuna mgonjwa. Hao mbu watapata wapi virusi vya dengi?"

"Kwa mama yao."

Fundi akaweka ndoo chini.

"Mbu jike mwenye virusi anaweza kuvirithisha kwa baadhi ya mayai yake," shemeji akasema. "Si yote, ni machache. Lakini mbu huyo anazaliwa navyo. Hahitaji kumuuma mgonjwa kwanza."

Fundi akamtazama binti yake. Alikuwa amekaa juu ya tairi, anaandika hesabu za shule. "Kwa hiyo nimewatunzia urithi wao."

"Umewatunzia vizuri sana."

Alikwenda kuchukua brashi ngumu na sabuni. Akasugua pipa lote, ndani na ukingoni, mpaka mikono ikauma. Uchafu akaumwaga kwenye mchanga mkavu juani, si mtaroni, mayai yasipate maji. Kisha akahamishia matairi yote chini ya paa, yasishike maji.

"Fundi, siku hizi unaosha vyombo?" mteja mmoja akamtania.

"Ndiyo. Na chako utaosha mwenyewe. Brashi hii hapa, nakuazima."

Mvua zikanyesha. Kila wiki fundi alimwaga maji, akasugua, akaweka mapya, akafunika kwa ubao. Brashi ikazunguka nyumba hadi nyumba, ikarudi nywele zimeisha. Akanunua nyingine.

Mvua zilipokoma, binti alikuwa hajakosa shule hata siku moja. Shemeji akaja na tochi, akamulika pipa, akapitisha kidole ukutani. Kikatoka safi. Akakiinua juu majirani wakione.

"Ukoo wa hao mbu," fundi akasema, "kwangu umeishia hapo."