Nilisema Nimeteleza Bafuni

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, jirani na Ujiji... au niseme nilikuwa! Mkono wangu wa kulia haufungi ngumi. Siku hizi hata kutulia siwezi. Nakaa, nainuka, nachungulia dirishani, narudi kukaa.

Nilikuwa natoka Simbo kupeleka sare za harusi. Bodaboda wangu alisimama kabisa pembeni ili gari lipite, na gari likatufuata hukohuko pembeni! Mwenye gari ndiye aliyekuwa anaendesha, huku anaongea na simu. Bodaboda alichubuka magoti. Mimi pikipiki iliniangukia mkono, nikausikia mfupa ukivunjika.

Mwenye gari ni mfanyabiashara wa Ujiji, mtu na heshima zake. Kaka yangu Hamisi, tumbo moja, alifika hata vumbi sijajipangusa. Nikamwambia twende polisi kwanza tuchukue PF3, ile fomu yao ya matibabu. Akasema tutacheleweshwa bure, nikiulizwa hospitali niseme nimeteleza bafuni, mengine nimwachie yeye. Huyu ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ningemshukuje? Nikasema bafuni, wakaandika bafuni.

Siku ya tatu wakaja nyumbani kuomba radhi. Wazee wanne, mchele, sukari na doti ya khanga. Mwenye gari alinishika miguu akalia. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, ajali haina mwenyewe. Sisi ni watu wa mji mmoja, tusipelekane mbali." Ikasomwa fatiha, tukaitikia amina. Ndipo Hamisi akatoa karatasi na pedi ya wino.

Jamani, kusoma najua! Nimefika kidato cha nne! Lakini dua imeshaitikiwa, wageni wameshapangusa nyuso, nitaanzaje kusema nipeni kwanza niisome? Si ningeonekana sina adabu, nimekataa kusamehe? Hamisi akasema ni ya kuonyesha tumesameheana tu. Nikabonyeza dole gumba la kushoto.

Plasta ilipotolewa, vidole vilikuwa vimekakamaa. Daktari akasema nahitaji upasuaji, tena nje ya mkoa. Nikajipa moyo... gari si lina bima? Nikaenda ofisi ya bima, mkono nimeufunga na mtandio.

Dada aliyenipokea alilitafuta faili, akasoma taratibu, kisha akaniuliza kwa upole nimegongwa au nimeanguka. Kadi ya hospitali inasema bafuni. Polisi hawana taarifa yoyote. Na ile karatasi ya radhi, ambayo mwenye gari alishawapelekea, inasema gari lake halikunigusa na sitadai chochote popote. Na aliyetia saini kama shahidi wa upande wangu... Hamisi!

Nilimtafuta kama mwehu. Nilimkuta bandarini anasubiri mzigo, ameshika usukani wa gari lilelile! Kumbe aliajiriwa udereva wiki ileile ya radhi. Wala hakukimbia. Alisema, "Mdogo wangu, na mimi nilikuwa nahangaika. Kazi ilikuwa moja tu."

Moja tu! Na mkono wangu wa kulia, nilikuwa nayo mingapi?

Nimempata mwanasheria wa msaada wa bure. Anasema njia ni ndefu, lakini yule bodaboda yuko tayari kueleza alichokiona. Tatizo ni kwamba lazima nisimame mbele ya hakimu niseme kaka yangu ni mwongo. Ndiyo maana usingizi sina na chakula hakipiti.

Nawasihi, wenzangu. Ukigongwa, sema umegongwa, kwa polisi na kwa daktari, hata kama anayekuzuia mmenyonya ziwa moja. Kusamehe samehe, ni ibada. Lakini karatasi isome hata wageni wakinuna, na kama hujaielewa usiweke dole!

Jana mama alilia, akaniambia nikienda mahakamani sitakuwa na kaka tena. Nilimpikia chai, nikamwambia kaka sina tangu siku ile aliponishikia karatasi. Jumatatu nakwenda.