Kikombe cha Saa Nne

Katika likizo ya Agosti mwaka wa 1979, Nangila alikuwa na wagonjwa wawili wa kuwalisha. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na aliishi na wazazi wake katika vyumba viwili mtaani Huruma, jijini Nairobi. Baba yake alikuwa dereva wa lori la mizigo, kwa hiyo siku nyingi alikuwa safarini. Mama yake, Selpher, alitoka alfajiri kwenda kazini katika kiwanda cha mablanketi kule Baba Dogo, na hakurudi mpaka saa tisa alasiri.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Wekulo, mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu. Surua ilimshika mwezi wa Juni, ikafuatwa na kuhara, na sasa mbavu zake zilihesabika. Mgonjwa wa pili alikuwa nyanya yao, aliyeletwa kutoka Bungoma kutibiwa ugonjwa wa kisukari. Walimwita Kukhu, kama nyanya wote wanavyoitwa kwao. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kilikuwa kimekataa kupona.

Kila asubuhi Nangila alichota maji kwenye mfereji wa ploti, waliotumia pamoja na wapangaji wenzao, akawasha stovu na kubandika sufuria mbili. Ndogo ilikuwa ya uji wa Kukhu, uji wa wimbi usiotiwa sukari hata chembe. Kubwa ilikuwa ya uji wa Wekulo, uliochanganywa na maziwa ya unga, sukari na mafuta ambavyo mama alikuwa amevipima kabla ya kutoka.

Bi. Wacuka, mshauri wa lishe katika zahanati, ambaye wagonjwa walimwita Sista, ndiye aliyewafundisha. "Hawa wawili wanakaa nyumba moja, lakini chakula chao si kimoja," alisema. "Mwili wa Wekulo umemaliza akiba yote. Anahitaji sukari na mafuta, kidogo kidogo lakini mara nyingi. Mwili wa nyanya yako umeshindwa kuitumia sukari, na ikizidi kwenye damu inamharibia macho na miguu. Chakula kinachomponya mmoja kinamuumiza mwenzake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Sista," Nangila alijibu.

Bi. Wacuka alimpa kadi mbili. Ya Wekulo ilikuwa na nafasi za saa mbili, saa nne, saa sita na saa nane. Mtoto akimaliza kikombe, Nangila angetia alama ya vema. Asipomaliza, angeandika amekunywa kiasi gani. Ya Kukhu ilikuwa ya kuandika kila alichokula.

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Siku ya nne Wekulo alianza kugeuza uso. Alichukua kijiko, akakishikilia mdomoni, kisha uji ukamtiririka kidevuni. Kikombe kimoja kilimchukua Nangila karibu saa nzima. Nje, wasichana wa ploti walikuwa wanacheza kati, mchezo wa kumrushia mpira aliye katikati naye akwepe, na mpira wao wa karatasi za plastiki ulisikika ukigonga ukuta.

Koki, rafiki yake wa jirani, alichungulia mlangoni. "Nangila, tumeshagawana. Upande wetu una pengo, tunakungoja wewe tu."

Nangila alitazama kikombe cha saa nne. Wekulo alikuwa amekunywa vijiko vinne. Hangeweza kuumwaga uji ule, maana chakula hakitupwi nyumbani kwao. Alimwendea Kukhu, aliyekuwa ameketi juani kando ya mlango.

"Kukhu, Wekulo ameshiba. Utamalizia huu?"

Kukhu alionja. "Huu una sukari."

"Si nyingi."

Kikongwe alikuwa na miezi minne hajaonja kitu kitamu. Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Haya, lakini mama yako asijue," alisema, akakinywa chote.

Nangila alitia alama ya vema kwenye kadi, akambeba Wekulo mgongoni na kukimbilia uwanjani. Kesho yake mambo yakawa hivyo hivyo. Baadaye kikombe cha saa sita nacho kikaanza kwenda kwa Kukhu. Kila mara Nangila alijiambia kwamba kesho atamlisha vizuri, na kila mara kadi ilijaa alama safi, zilizonyooka kama za mwalimu.

Jumatano ya kwanza Wekulo alipopimwa alikuwa amepungua gramu mia moja. Bi. Wacuka alisema wangoje kidogo. Jumatano ya pili mama aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote wanne. Wekulo aliwekwa kwenye mizani. Alikuwa amepungua gramu mia tatu zaidi. Hakulia alipovuliwa nguo, alilegea tu mikononi mwa mama. Mkojo wa Kukhu nao ulichemshwa na dawa ya buluu ndani ya kichupa cha kioo. Rangi ya buluu ikageuka kijani, kisha ya chungwa, kisha nyekundu kama tofali.

"Sukari imepanda sana," Bi. Wacuka alisema. Alikunja uso, akamwita daktari.

Daktari alizisoma kadi mbili, akazisoma tena. "Mama, mtoto huyu anakunywa kila kitu anachopewa, lakini anakonda. Basi kuna ugonjwa mwingine uliojificha, pengine kifua kikuu. Tutamlaza leo. Atapigwa picha ya kifua, aanze sindano, na atalishwa kwa mrija wa kupitia puani. Nyanya naye, vidonge anavyomeza vimeshindwa. Ataanza kudungwa sindano za kisukari."

Mama alimfunika Wekulo kwa leso, kisha akainama na mabega yake yakaanza kutikisika. Nangila hakuwa amewahi kumwona mama yake akilia mbele ya watu.

Alimtazama Kukhu. Kukhu alikuwa ameinamisha kichwa, akisugua mpini wa mkongojo wake. Daktari alichukua kalamu na kuanza kuandika. Akinyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini Wekulo angechomwa sindano za ugonjwa asiokuwa nao, na yeye ndiye angekuwa amemchoma.

"Daktari, tafadhali usiandike," alisema.

Wote walimgeukia.

"Kadi zinasema uongo. Ni mimi niliyezijaza. Wekulo hanywi kikombe cha saa nne, wala cha saa sita. Nilikuwa naenda kucheza. Uji nilimpa Kukhu."

Mama aliinua uso uliolowa, akamkazia macho. Kabla hajasema lolote, Kukhu aligonga sakafu kwa mkongojo wake.

"Msimwangushie mtoto mzigo wote," alisema kwa sauti ndogo. "Hakunilazimisha. Ulimi wangu ulijua kwamba uji ule ni wa sukari. Mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Nimezeeka, na nimefanya kitoto."

Daktari aliweka kalamu chini, akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," alisema. "Afadhali sana nimeyasikia haya sasa. Nyanya, ningekuanzishia sindano kali kwa sababu ya sukari ya uji. Siku ambayo ungeacha uji huo, sindano ingeishusha sukari yako mpaka uzimie. Na mtoto ningempa dawa nzito bila sababu."

"Kwa hiyo hana kifua kikuu?" mama aliuliza.

"Sioni dalili nyingine. Nadhani ana njaa, mama. Na njaa tunajua kuitibu."

Mama alifumba macho. Hasira na faraja vilikuwa vimegongana usoni mwake. "Nangila, wewe na mimi tutazungumza nyumbani," alisema, lakini mkono wake ulikuwa umeshalishika bega la binti yake, na haukuliachia.

Bi. Wacuka alipiga magoti mbele ya Nangila. "Sasa niambie kwa nini alikataa kula."

"Anauweka mdomoni tu, Sista. Nilidhani ni mimi nisiyejua kulisha. Niliona aibu kusema."

Bi. Wacuka alimfungua Wekulo mdomo, akamulika kwa tochi. Ndani ya mashavu na chini ya ulimi mlikuwa na vidonda vyeupe. "Ona. Kila kijiko kilikuwa kinamchoma. Ungeandika kwenye kadi kwamba amekunywa vijiko vinne, ningeyatazama haya wiki iliyopita."

Alimpaka dawa ya rangi ya zambarau, akaagiza uji wake upozwe na kulainishwa zaidi. Kisha alimgeukia Kukhu. "Nawe, nyanya, nitakupangia chakula upya ili usibaki na tamaa. Maharagwe, sukuma wiki na ugali kiasi, kwa saa zilezile kila siku. Na nina kazi yako. Utampakata mtoto wakati dada yake akimlisha."

Daktari aliwapa wiki moja. Wekulo asipoongezeka uzito, angelazwa.

Wiki hiyo haikuwa rahisi. Siku ya kwanza Wekulo alitema vikombe viwili, na Nangila akaandika hivyo hivyo kama ilivyokuwa. Siku ya pili alikunywa nusu. Kukhu alimpakata na kumwimbia nyimbo za Kibukusu, na kila mtoto alipoachama akimtazama mwimbaji, Nangila aliingiza kijiko. Siku ya nne Wekulo alimaliza kikombe kizima. Koki alipopata habari, aliwashawishi wasichana wenzake wahamishe mchezo uwe saa kumi, mama Nangila akiwa amerudi.

Jumatano ilipofika, mshale wa mizani ulipanda. Bi. Wacuka alimwondoa Wekulo, akamweka tena ili ahakikishe. "Ameongezeka gramu mia tatu na hamsini," alisema. Kichupa cha Kukhu nacho kiliishia kijani, hakikufika kwenye wekundu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, na Nangila akacheka pamoja naye.

Bi. Wacuka aliwakalisha. "Nangila, ulikosea ulipoacha kazi uliyopewa, ukakosea zaidi ulipoificha. Sisi hatumwoni mgonjwa akiwa nyumbani kwake. Tunaona kile anachotuambia mtu anayemlisha, na dawa tunaipima kwa maneno hayo. Anayesema ukweli, hata ukweli wa aibu, anasaidia kutibu. Wewe uliusema ukweli ule mbele ya watu wazima, ukijua utaadhibiwa. Siku ukishindwa tena na jambo, njoo useme umeshindwa. Hatutakucheka, tutakusaidia."

"Nitasema, Sista," Nangila alijibu.

Wakati huo Wekulo alianza kulia. Haikuwa ile sauti dhaifu waliyoizoea. Alipiga kelele na kurusha miguu, huku amekaza macho kwenye kikapu cha mama, mlimokuwa na chupa ya uji.

"Ana njaa," mama alisema, na hakuna aliyefanya haraka kumnyamazisha, maana walikuwa wamekaa muda mrefu bila kusikia kilio kizuri kama kile.