Viti vya Mwende na Tovuti ya Mwizi

Kila asubuhi kule Mutuini, Muasya huanza kupiga msumeno kabla ya chai kuiva. Karakana yake ni ya mabati, nayo imeshikana na nyumba. Caren, mke wake, humwita akiwa jikoni.

"Baba Mwende, chai!"

"Nakuja. Wacha nimalize hii pembe."

Hiyo pembe huwa haiishi. Mwishowe Caren hubeba vikombe mwenyewe, akamsukuma na binti yao Mwende kwenye kiti chake chenye magurudumu, na wote watatu wakanywa chai katikati ya vumbi la mbao.

Zamani Muasya alikuwa fundi wa vitanda na makabati. Kisha Mwende akazaliwa kwa shida, na ubongo wake ukaumia. Alifika miaka miwili bila kuweza kukaa. Viti vya watoto kama yeye vilitoka ng'ambo, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Muasya akaamua kutengeneza kimoja. Cha kwanza kilimuumiza Mwende mgongo. Kwenye cha pili aliteleza. Cha tatu alikikataa kwa kilio. Kwenye cha nne alikaa, akainua shingo, akamtazama baba yake ana kwa ana, akacheka. Muasya, mwanamume mzima, alitoka nje akajifanya anatafuta nyundo.

Akina mama wengine kliniki walikiona kile kiti, wakataka na wao. Ndivyo biashara ya Viti vya Mwende ilivyoanza. Caren alijifunza kutengeneza tovuti kwenye kozi ya akina mama kanisani Waithaka. Alipiga picha za kila kiti kwa simu yake. Aliandika jinsi mtoto anavyopimwa, mikanda inavyofungwa, na shingo inavyotakiwa kuegemea. Aliandika pia juu ya Mwende. Maneno hayo alikuwa akiyatafuta huku akipika au akipiga pasi.

Jumamosi moja, gari lilisimama mlangoni. Mwanamke akashuka amembeba mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa na plasta kwenye paji la uso. Dereva alimfuata na kiti cha mbao kilichovunjika mguu.

"Nyinyi ndio Viti vya Mwende?" mwanamke aliuliza. Hakusalimia.

"Ndio sisi, mama. Karibu," Caren alijibu.

"Sikuja kukaribishwa. Angalieni mtoto wangu! Kiti chenu kimekaa siku nne tu kikavunjika. Haron ameanguka na uso kwenye saruji. Nikipiga simu hamshiki. Daktari wa mazoezi ndiye aliyenielekeza huku."

  Muasya alichukua kile kiti, akakigeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye viungo vyake.

"Mama, unaitwa nani?" aliuliza polepole.

"Kaindi. Natoka mtaa wa Jamhuri."

"Mama Haron, hiki kiti si changu. Ona, kimepigwa misumari. Mimi natumia skrubu na gundi. Hii mbao ni laini, ya kutengenezea masanduku. Na mtoto hakupimwa. Nani alimpima?"

"Hakuna aliyempima. Niliagiza kwa mtandao, kikaletwa na mtu wa boda."

Kaindi akatoa simu yake. "Si hii hapa tovuti yenu?"

Caren aliisoma. Jina lilikuwa Viti vya Mwende. Picha zilikuwa zake. Maneno yalikuwa yake, mstari kwa mstari. Hata pale alipokosea akaandika "mgonngo" badala ya "mgongo", kosa lilikuwa limenakiliwa lilivyo. Nambari ya simu tu ndiyo ilikuwa ngeni. Na anwani ya tovuti ilikuwa na herufi moja zaidi mwishoni: badala ya "mwende" iliandikwa "mwendee".

Juu kabisa ya ukurasa, Mwende alikuwa akicheka.

"Woi! Mtoto wangu," Caren alisema. "Wanauza takataka na uso wa mtoto wangu."

Kaindi alimtazama Caren, kisha akamtazama Mwende aliyekaa pale mlangoni. Hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Kwa hivyo wametuibia sote," alisema.

Caren alimpokea Haron, akamkalisha mapajani. Wakanywa chai. Kabla hawajaondoka, Muasya alimpima Haron kuanzia kisigino hadi kichwani, huku akimwimbia wimbo wa Kikamba ili asiogope tepu ya kupimia.

Kaindi alipokwenda, Caren aliinua simu. "Naifunga tovuti yetu leo hii."

"Ukifunga yetu, itabaki yao peke yake," Muasya alisema.

"Basi tufanye nini?"

"Tumwite Jacklyne."

Jacklyne alikuwa wakili. Alikaa Waithaka na aliimba kwaya moja na Caren. Alijibu simu mara moja. "Kuja ofisini kwangu Jumatatu asubuhi, uje na huyo mama wa Haron. Na msimpigie huyo mwizi! Umenisikia, Caren? Msimpigie."

Caren alisikia. Muasya pia aliambiwa. Lakini Jumapili mchana, baada ya kanisa, alikaa karakana peke yake akitazama kile kiti kibovu, na damu ikamchemka. Akaipiga ile nambari.

"Nakujua!" alifoka. "Nina ushahidi wote! Nakuja na polisi!"

Upande wa pili, simu ilikatwa. Walipofungua ile tovuti jioni, jina lilikuwa limebadilishwa, na picha ya Mwende imetolewa. Viti na maneno vilibaki.

"Baba Mwende," Caren alisema, "umemwambia ajifiche."

Muasya aliinamisha kichwa. "Nilikuwa namfikiria Haron."

Caren hakuweza kumkasirikia zaidi ya hapo. Alimpangusa vumbi la mbao begani, wakaingia ndani.

Jumatatu, Caren na Muasya walikutana na Kaindi mjini, karibu na bustani ya Jeevanjee. Walipanda ngazi hadi orofa ya tatu. Jacklyne aliwapa viti, akasikiliza hadi mwisho. Muasya alipokiri kuhusu ile simu, wakili alitikisa kichwa.

"Fundi, mwizi wa mtandaoni anafuta alama zake kwa dakika moja. Kwanza unahifadhi ushahidi, halafu ndio unapiga kelele. Sasa ushahidi umepotea."

"Haujapotea," Kaindi alisema. "Mimi nilipiga picha za skrini siku niliyoagiza. Nilitaka kumwonyesha dada yangu. Anwani inaonekana, hata tarehe. Na meseji zao zote ninazo."

Muasya alimgeukia kama mtu aliyepewa maji jangwani. "Mama Haron, Mungu akubariki."

Jacklyne alitabasamu. "Umewaokoa. Usifute chochote. Na hiki kiti kilichovunjika mkiweke vilevile, msikirekebishe. Mama Haron, leo uende polisi na hizo meseji na karatasi ya hospitali. Mtoto ameumia. Hayo si mambo ya picha tu."

Kisha akamgeukia Caren. "Yale maneno, uliandika mwenyewe?"

"Yote."

"Picha?"

"Kwa simu hii."

"Picha zenyewe bado ziko?"

"Ziko zote, tangu kiti cha kwanza."

"Vizuri sana. Hizo zinaonyesha siku uliyopiga. Caren, maneno na picha ni mali yako tangu siku ulipovitengeneza. Hiyo ndiyo hakimiliki. Hukuhitaji kwanza kuomba ruhusa popote."

Caren alishangaa. "Mimi? Mimi si mwandishi wa vitabu."

"Uliandika, au hukuandika?"

"Niliandika."

"Basi ni yako. Unaweza pia kuiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki, upate cheti. Siku ya kubishana, cheti kinasaidia. Lakini haki unayo tayari."

Caren alirudia neno hilo moyoni. Yangu.

"Na tovuti yao tutaitoaje?" Muasya aliuliza. "Hata hatujui ni nani."

"Kila tovuti ina kampuni inayoihifadhi, kama vile duka lina mwenye jengo. Mwenye duka anaweza kujificha, lakini mwenye jengo anajulikana. Tunamwandikia barua: hii ni kazi yetu, hapa kuna ya kwetu, hapa kuna waliyonakili, hebu itoe. Sheria inamtaka aishughulikie kwa haraka."

Jacklyne aligeuza kompyuta, akatafuta, na punde akaipata kampuni hiyo. Waliandika barua pamoja. Caren aliweka kurasa mbili ubavuni, yake na ya mwizi. Lile neno "mgonngo" alilizungushia mstari mwekundu pande zote mbili.

"Sijawahi kufurahia kosa langu namna hii," alisema. Hata Kaindi alicheka.

"Sasa tuje kwa jina," Jacklyne alisema. "Mmeliandikisha?"

"Tumeandikisha biashara kwa serikali," Muasya alijibu kwa fahari. "Cheti kiko ukutani."

"Hongera. Lakini hicho cheti kinaeleza tu ni nani anayefanya hiyo biashara. Hakitoshi kumzuia mwingine kutumia jina lenu. Kwa hilo mnahitaji alama ya biashara. Tunatafuta kwanza kama kuna mwenye jina linalofanana, halafu tunaomba. Itachukua miezi, msichoke. Na anwani ya tovuti yenu, imeandikishwa kwa jina la nani?"

Caren na Muasya walitazamana. "La mwalimu wetu wa kozi," Caren alisema. "Alitusaidia."

"Ni mtu mzuri?"

"Mzuri sana."

"Basi mwombeni leo aihamishe kwa jina lenu, akiwa bado mzuri. Akihama au akifa, mtaanza kufukuzana na watu msiowajua. Nunueni pia anwani zinazofanana na yenu, ikiwemo ile inayoishia na herufi za Kenya, yaani .ke. Neno la siri lisiwe siku ya kuzaliwa ya mtoto."

Caren alifunika uso. "Ndiyo hiyo hiyo."

Jacklyne aliinua kichwa. "Na uso wa Mwende, Caren. Sikuhukumu. Lakini mtoto hawezi kukwambia picha yake isambae wapi. Unaweza kuonyesha kiti bila kuonyesha uso."

Caren aliitazama ile picha kwenye simu yake. Alikuwa ameiweka picha ile kwa mapenzi, ili akina mama wengine waone kwamba inawezekana mtoto kukaa na kucheka. Chozi likamdondoka. Muasya alimshika mkono mbele ya wakili, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ulikuwa unajivunia mtoto," alimwambia. "Hilo si kosa."

Hawakusubiri usiku ufike. Walirudi nyumbani alasiri, Caren akaondoa nyuso za watoto wote. Aliandika jina la biashara katikati ya kila picha, mahali ambapo haliwezi kukatwa. Aliandika tangazo fupi: kuna watu wanatumia jina letu, sisi hatuuzi kiti bila kumpima mtoto, nambari yetu ni hii moja tu. Mwalimu wa kozi aliihamisha anwani bila neno.

Siku ya nne, ile tovuti ya mwizi haikufunguka tena. Caren alipiga kelele hadi majirani wakatoka.

Wiki tatu baadaye ilirudi kwa anwani nyingine. Muasya alishika kichwa. "Huyu mtu hachoki!"

Caren hakulia wala kumpigia Jacklyne. Alipiga picha za skrini, akatafuta kampuni inayoihifadhi, akaandika barua mwenyewe. Siku mbili tu, ikaondolewa. Haikurudi. Polisi bado wana faili, na Kaindi huenda kuwauliza kila mwezi.

Kiti cha Haron kilikuwa kimekamilika mapema, kabla ya hayo yote kwisha. Kaindi alimfunga mikanda kwa mikono yenye hofu. Haron alikaa. Alitikisika huku na huku kwa makusudi, akijaribu kama kitaanguka. Hakikuanguka. Akapiga kijimeza chake kwa viganja viwili, akaomba ndizi.

Muda mrefu ulipita, kisha alama ya biashara ikakubaliwa. Mwaka huo walipata kibanda kwenye maonyesho ya biashara kule Jamhuri. Mafundi wengine walimzunguka Caren, wakitaka habari ya mwizi wa tovuti, zaidi kuliko walivyoizunguka meza ya viti. Kulikuwa na mshonaji wa sare, na mama wa keki ambaye picha zake zilikuwa zimeibwa mara mbili. Caren aliwaeleza yote, hatua kwa hatua, na hakuacha lile la Muasya kupiga simu.

"Lazima useme na hilo?" Muasya alinong'ona.

"Hilo ndilo watakalokumbuka," alimjibu, akicheka.

Bwana mmoja mzee alisimama mbele ya kitambaa chenye jina lao. Alilisoma kwa sauti, akauliza, "Na huyu Mwende ni nani?"

Caren alifungua mdomo kujibu, lakini Muasya alimgusa mkono asubiri. Mwende, kwenye kiti chake kando ya meza, alikuwa ameinua shingo. Kwake neno hutoka kwa kazi kubwa. Midomo ilihangaika, mkono ukapanda juu, na watu wote wa kile kibanda wakanyamaza.

"Mimi," Mwende alisema.