Pasi Iliyosingiziwa

Kila asubuhi dobi alikunywa chai amesimama. Mkewe, fundi cherehani, alimtania, "Hicho kiti kinakudai?"

"Nikikaa nitasahau kuondoka."

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Alisimamia pasi kubwa ya mvuke, yenye vibao viwili vya chuma vyenye matundu, vinavyojifunga kama kitabu.

Siku moja vibao vilijifunga mkono wake ukiwa ndani. Mwenzake aliuchomoa. Msimamizi alimpeleka zahanati, na njiani akambembeleza.

"Kaka, sema umeungua nyumbani. Ukisema kazini nitafukuzwa mimi. Mambo yako nitayashughulikia."

Dobi alimwonea huruma. Daktari alipouliza, alijibu, "Pasi ya nyumbani." Daktari akaandika.

Wiki ya tatu, mkono ukiwa bado na bandeji, barua ililetwa kutoka kiwandani. Mkewe aliisoma akiwa kwenye cherehani. Akairudia. Mguu wake uliganda juu ya kanyagio.

"Wanasema umeungua nyumbani, na kazi huiwezi tena. Wamekuachisha."

Dobi alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Kisha akauona uso wa mkewe. Alivuta kiti kile, akakaa.

"Miaka kumi na moja," alisema.

"Mimi uliniambia ni kazini. Daktari ulimdanganya kwa nini?"

"Msimamizi aliniomba. Ana watoto."

"Na hawa wetu ni vifaranga?"

Jirani wao, karani wa ofisi ya kazi, alikuja kuchukua gauni lake. Fundi alimweleza yaliyowapata. Akaomba barua, akaisoma mpaka mwisho.

"Shemeji, umesaini popote?"

"Bado. Kesho wananiita nisaini kwamba nimekubali."

"Usisaini jambo usilolikubali. Mtu akiumia kazini ana haki ya kutibiwa na kudai fidia. Mwajiri hawezi kukuachisha hivi hivi kwa sababu umeumia. Kwanza akusikilize, na atazame kama ipo kazi nyingine unayoiweza."

"Lakini nilisema mwenyewe ni nyumbani."

"Ulikosea. Sasa tusahihishe. Hebu nione mkono."

Mkewe alifungua bandeji taratibu. Alama za duara zilijipanga safu kwa safu, kuanzia kiwiko hadi kiganja, kama matundu ya kibao cha mvuke. Karani alichukua pasi ndogo ya fundi rafuni, akaishika kando ya mkono ule. Haikufika hata nusu yake. Na chini ilikuwa laini, haina tundu hata moja.

"Nimeufunga mkono huu kila siku," mkewe alisema polepole. "Sikuona."

Asubuhi, badala ya kwenda kusaini, walirudi zahanati. Dobi alisema ukweli, macho yakiwa sakafuni. Daktari aliushika mkono, akazitazama zile safu.

"Hii niliiandika mimi kuwa pasi ya nyumbani?"

Akaandika ripoti mpya. Mfanyakazi mwenzake dobi, aliyeuchomoa mkono, alikubali kutoa maelezo. Siku hiyo hiyo walipeleka barua, ripoti na maelezo ofisi ya kazi. Karani alikuwa amewaonya, "Madai yana muda wake. Msichelewe."

Mwenye kiwanda aliitwa. Alisema ni pasi ya nyumbani, mpaka alipoonyeshwa mkono. Barua ya kuachishwa ilifutwa. Kiwanda kililipia matibabu, na dai la fidia likapokelewa. Dobi alipewa kazi ya kupokea na kuhesabu mashuka. Pasi iliwekewa kizuizi, na ukutani kukatundikwa daftari la kuandikia kila ajali.

Miezi michache baadaye, msimamizi aliteleza kwenye sakafu yenye sabuni, akavunjika mkono. Dobi ndiye aliyemsindikiza zahanati. Daktari yule yule alishika kalamu.

"Umeumia wapi?"

Msimamizi alimtazama dobi, kisha ule mkono wenye safu za makovu.

"Sema kazini, kaka," dobi alimwambia. "Daktari akimaliza, tutakwenda wote kuandika kwenye daftari la kiwanda."