Kuku wa Mtani

Kuku alichomoka sakafuni akiwa mzima, mwekundu, mwenye hasira, akakatiza kati ya madawati akipiga kelele za kukimbizwa. Hakuwa kuku wa kuchinjwa. Alikuwa taswira-shikika, yaani mwanga uliogandishwa na mitambo ya ukumbi hadi ukapata umbo. Ukimkamata unahisi joto la mbawa zake na moyo unavyomdunda. Hivyo ndivyo watoto wa Iringa walivyosoma ubunifu wa michezo miaka hiyo. Mwanafunzi anachora mchezo kwenye kibao chake, ukumbi unauinua kutoka sakafuni, na Mjaribu anaingia kuucheza.

Mjaribu alikuwa roboti wa kimo cha mtoto wa kidato cha kwanza. Kichwani mwake kulikaa akili unde iliyoweza kuwa wachezaji elfu kwa mpigo: mwoga, mjanja, mvivu, mwenye pupa, na yule asiyesoma maelekezo hata umpigie magoti. Akimaliza kucheza hutoa maoni, na mchezo asioupitisha hautoki nje ya shule.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Twilumba Mgimwa wa kidato cha pili. Mchezo wake uliitwa Kuku wa Mtani.

"Mtu anaingia uani kwangu," Mjaribu alisema kwa sauti iliyonyooka kama rula. "Anachukua kuku. Anakula ugali wangu. Ananiambia kichwa changu ni kikubwa. Kisha anaondoka bila adhabu. Hii ni dosari. Pendekezo: mwizi apoteze alama, na uani kuwe na uzio. Mchezo haujapita."

Darasa zima likaangua kicheko. Twilumba peke yake hakucheka, na Mwalimu Generosa Nyagawa, aliyesimama karibu na dirisha, alijua kwa nini.

Mwaka uliotangulia Twilumba alikuwa akikaa dawati moja na Osmund Mapunda. Binti Mhehe, kijana Mngoni. Makabila hayo yalipigana zamani hadi yakachoka, na uadui ukageuka utani. Mtani wako anaweza kukunyang'anya tonge mdomoni, anaweza kukutania hata msibani, na ukinuna aibu ni yako. Osmund alikula karanga za Twilumba kila siku ya Mungu. Twilumba naye alimficha kiatu kimoja hadi kijana akaenda paredi akirukaruka kwa mguu mmoja. Walipendana kwa namna hiyo. Kisha mama yake Osmund, fundi wa kuchomelea vyuma, akapata kazi kwenye Kituo cha Mwezini, na mtoto akaenda naye.

"Huku watu wana adabu mno, Twilu," Osmund alisema mara ya mwisho walipoongea. "Hakuna hata mmoja anayeninyang'anya chakula."

Twilumba alilia siku hiyo, halafu akaanza kuchora kuku. Jioni ya leo michezo iliyopitishwa ingerushwa Mwezini kwa ajili ya watoto wa kituo, na baada ya hapo mitambo isingerusha mingine hadi mwaka ujao.

"Ngoja niweke uzio, Mwalimu," alisema. Akainamia kibao, vidole vikakimbia. Akaweka uzio, akaweka adhabu, akaweka na lango lenye kufuli. Ukumbi ukauinua mchezo upya.

Wachezaji wa Mjaribu wakasimama, kila mmoja nyuma ya uzio wake, wakilinda kuku wao.

"Hakuna dosari," alisema Mjaribu. "Umepita."

Mtu mmoja akapiga makofi mawili, akaacha. Mwingine akapiga mwayo. Hata kuku alionekana kusinzia. Mwalimu Generosa akausikia ukimya ule na moyo ukamshuka, maana haukuwa mgeni kwake. Michezo mingi ilikuwa imepita mikononi mwake, yote safi, yote bila dosari, na hakukumbuka hata mtoto mmoja aliyewahi kumwomba arudie kuicheza. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia, "Fanyeni alichosema Mjaribu." Walikuwa wamefanya.

"Futa uzio," alisema.

Twilumba akamkodolea macho. "Lakini Mwalimu, si umepita?"

"Umepita mchezo gani? Osmund akiufungua huu atakuta adabu ile ile iliyomchosha."

"Kwa hiyo nipuuze maoni?"

"Hata kidogo. Mgonjwa akikwambia tumbo linamuuma, mwamini, tumbo ni lake. Akikutajia na dawa ya kumpa, hapo usiharakishe. Usimuulize Mjaribu ufanye nini. Muulize yeye alihisi nini."

Twilumba akafuta uzio, kwa shingo upande, kisha akachuchumaa mbele ya roboti kama anayezungumza na mdogo wake.

"Mjaribu, kuku alipochukuliwa, hukuelewa nini?"

Taa za kifuani mwa roboti zikazunguka kwa muda. "Sikujua aliyeingia ni nani. Sikujua kama ninaruhusiwa kumjibu. Nilisimama tu."

"Maskini!" akasema Kandida aliyekaa nyuma. "Kumbe alidhani kaibiwa kweli!"

Twilumba akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mwalimu! Mtani sikumweleza popote! Niliona kila mtu anamjua!"

"Iringa, ndiyo," alisema Mwalimu Generosa, akitabasamu. "Mwezini je? Wale watoto wametoka pande zote za dunia."

Basi kazi ikaanza upya, na safari hii darasa zima lilikuwa juu yake. Twilumba akaandika kwamba mgeni lazima asimame langoni na kupaza sauti, "Hodi, mtani wangu!" ili mwenye nyumba ajue aliyekuja ni rafiki wa kutaniana naye, si mwizi. Mwenye nyumba naye akapewa zamu ya kurudisha maneno. Atakayenuna, kuku anamrukia kichwani na kulala hapo. Walipojaribu wenyewe, Kandida alisimama langoni kwa Mwalimu akasema, "Hodi, mtani wangu! Kuku wako amekonda kama chaki, namchukua kwa huruma tu." Mwalimu akacheka hadi akashika meza. Kila mtu akataka zamu.

Mjaribu akaingia tena. Alicheza, akatoka.

"Nimechukuliwa kuku wote," alisema. "Nimeambiwa kichwa changu ni sufuria. Nimejibu kwamba sufuria ina faida kuliko kichwa cha aliyesema. Ninaomba kurudia. Sababu ya ombi hili siijui."

"Umepita au haujapita?" Twilumba aliuliza, pumzi juu.

"Umepita. Ninaomba kurudia."

Jioni hakuna aliyekubali kurudi nyumbani. Walijazana ukumbini, mchezo ukarushwa na kuunganishwa na kituo, na pale sakafuni ukainuka ua wa kijivu, nyumba ya chuma, na kuku mmoja akirandaranda. Ulikuwa ua wa Osmund. Twilumba akasogea langoni.

"Hodi, mtani wangu!" Akaingia bila kungoja, akamkwapua kuku. "Mngoni gani wewe, unafuga kuku mpaka Mwezini na bado hujui kumlinda?"

Sauti huchukua zaidi ya sekunde moja kufika Mwezini, na nyingine kama hiyo kurudi. Muda huo mfupi ulimtosha Twilumba kuogopa kila kitu: kwamba Osmund amesahau, kwamba amekua, kwamba amezoea adabu. Kuku alipapatika mikononi mwake.

Kisha kicheko cha Osmund kikaporomoka kutoka juu, kile kile cha kukwama kooni.

"Mwizi! Mhehe mwizi! Mama, njoo uone, kanifuata mpaka huku!" Nyuma yake watoto wengine walikuwa wakipiga kelele kwa lugha ambazo Twilumba hakuzijua, kila mmoja akitaka zamu. Osmund alicheka hadi sauti ikaanza kulowa machozi.

Twilumba akaingiwa na huruma. "Basi, mtani. Nimrudishe?"

Wakangoja, darasa zima, macho darini.

"Thubutu!" Osmund alisema. "Ukimrudisha, nitakuja kwako kudai nini?"