Vidonge Kumi na Vinane

Tangu Mama aondoke, Waridi aliamka kila siku kabla ya adhana ya alfajiri, na kila siku aliamka moyo ukimdunda. Akiwa bado mkekani alianza kuhesabu kazi kwa vidole: maji, moto, uji, mbuzi, sare, daftari la hesabu, sombe, yale majani ya muhogo, la kutwanga jioni. Akifika kidole cha saba alikuwa ameshasahau cha pili. Basi alianza upya.

Mama alikuwa amekwenda Kabambare. Mdogo wake Mama alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, akawa hana wa kumwangalia. Baba alikuwa Salamabila, akiwauzia vitenge wachimbaji wa dhahabu. Nyumbani Kasongo walibaki watu watatu: Waridi, mwenye miaka kumi na miwili, Bibi Hidaya, mama yake Baba, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na Iliasi, mdogo wake Waridi, wa miaka mitano.

Iliasi alikuwa na kifafa. Kituo cha afya kilimpa vidonge thelathini, anywe kimoja kila asubuhi. Jumapili, kabla ya kupanda pikipiki, Mama alimshika Waridi mabega.

"Kazi nyingine zikikushinda, ziache. Lakini dawa ya mutoto, hapana. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama. Nitakumbuka."

Jumatatu alikumbuka. Jumanne mbuzi alikata kamba akatimkia barabarani, na Waridi akamfukuza mpaka karibu na soko. Aliporudi jua lilikuwa limeshapanda. Alivaa sare mbiombio, akakimbilia shule. Dawa haikumjia akilini hata mara moja.

Jumatano asubuhi Iliasi alikuwa ameketi karibu na moto. Ghafla macho yalimgeuka, mwili ukakakamaa, akaanguka na kutetemeka. Bibi alimvuta mbali na mafiga, akamlaza ubavu. Baada ya muda mfupi mtoto alitulia, akaanza kulia. Waridi alisimama mlangoni, bidoni la maji mkononi. Ndipo alipokumbuka.

Alimpa kidonge cha siku hiyo, lakini hakumwambia Bibi habari ya Jumanne. Aliona haya. Zaidi ya haya, aliogopa.

Alhamisi, mara tu aliporudi kisimani, jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua kichupa cha dawa. Alificha kidonge ndani ya kipande cha ndizi, Iliasi akakila bila neno. Hata hivyo, darasani hakutulia. Walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa taifa wa darasa la sita. Mwalimu Pierre aliandika mafumbo ya hesabu ubaoni, na Waridi aliyatazama bila kuyaona. Je, mbuzi amefungwa vizuri? Moto ameuzima? Maji ya Bibi yapo?

"Waridi," aliita Mwalimu Pierre, "mwili uko hapa, akili iko wapi?"

Wenzake walicheka. Yeye aliinamisha kichwa.

Adhuhuri alirudi nyumbani akakuta kimya. Iliasi alikuwa amelala sakafuni juu ya mkeka, mdomo wazi.

"Amelala tangu asubuhi," Bibi alisema. "Nimemuamsha ale, hataki. Lakini dawa usiwe na wasiwasi, mujukuu wangu. Jana niliogopa sana. Leo ulipokwenda kisimani nilimpa mimi mwenyewe."

Waridi alipiga magoti kando ya mkeka.

"Bibi, na mimi nilimpa!"

Alimtikisa Iliasi. Mtoto alifumbua macho kidogo, akayafumba tena. Kichwa kilimlegea kama cha mtoto mchanga. Waridi alitoka mbio kumwita jirani yao Faradji, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kuziba tairi la baiskeli yake uani. Faradji hakuuliza maswali mengi. Alimketisha Waridi nyuma ya baiskeli, akampakatisha mtoto, naye akanyonga pedali kwa nguvu zake zote. Njia nzima Waridi aliweka kiganja kifuani mwa mdogo wake. Alikuwa anapumua. Bado anapumua.

Kituoni walipokelewa na muuguzi, Mama Régina, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimmulika Iliasi machoni kwa tochi, akamkuna nyayo, akasikiliza kifua. Kisha alimwaga kwenye sahani vidonge vya kichupa alichokuja nacho Waridi na kuvihesabu, huku akitazama karatasi ya mgonjwa.

"Vilikuwa thelathini. Leo ni siku ya kumi na mbili. Vimebaki kumi na vinane." Alikunja uso. "Hesabu iko sawa. Basi usingizi huu unatoka wapi?"

Waridi alivitazama vile vidonge. Kwa hesabu ile, hakuna aliyekosea. Kama angenyamaza, Mama asingejua lolote, wala habari ya Jumanne isingejulikana milele. Lakini muuguzi naye asingejua mtoto ana nini.

"Haiko sawa, Mama Régina," alisema. "Jumanne nilisahau kumpa. Leo amepata viwili, kimoja kwa Bibi, kimoja kwangu. Ndiyo maana hesabu inaonekana nzuri. Jana alianguka kwa sababu yangu, na sikumwambia mtu."

Mama Régina alivirudisha vidonge kichupani.

"Ahsante kwa kunieleza. Sasa najua la kufanya. Atakaa hapa mbele ya macho yangu mpaka dawa ipungue mwilini mwake."

Saa zile zilikwenda polepole kuliko saa zote alizowahi kungoja. Kila Iliasi alipovuta pumzi ndefu, Waridi aliruka. Kila alipotulia, aliruka zaidi. Karibu na alasiri mtoto alijigeuza, akafumbua macho, akauliza kwa hasira, "Ndizi yangu iko wapi?"

Waridi alilia mpaka Faradji akatoka nje ili asionekane naye akifuta macho.

"Njoo uone," Mama Régina akamwambia. Ukutani palikuwa na karatasi yenye mistari: majina ya wagonjwa, dawa zao, saa zake. Mbele ya kila dawa iliyokwisha kutolewa palikuwa na alama. "Kazi hii naifanya mwaka wa ishirini na mbili. Bado naandika. Nikishampa mgonjwa, natia alama palepale, si baadaye. Muuguzi wa zamu nyingine akija hamuulizi mtu. Anasoma ukuta."

Alimpa karatasi na biki. Waridi aliandika, akaandika, mpaka karatasi ikajaa kazi ishirini na tatu. Alipoisoma, moyo ulianza kudunda upya.

"Hii itakuua," Mama Régina alisema, akachukua biki. "Kufagia uwanja, siku moja ukikosa nani atakufa? Na kupiga viatu rangi?" Alifuta, akafuta. Zikabaki sita, na ya kwanza ilikuwa dawa ya Iliasi.

"Lakini Bibi hajui kusoma," Waridi alisema.

"Mkaa anaujua?"

Jioni ile Waridi alibandika orodha ukutani, juu ya mtungi wa maji. Kando ya kila kazi alichora picha yake: kidonge, bidoni, chungu, mbuzi, daftari, mchi. Alimweleza Bibi Hidaya yote, hata ya Jumanne.

"Mimi nami nilinyamaza," Bibi alisema. "Nilimpa dawa kisiri ili nikusaidie. Ningekuuliza tu."

Jumamosi asubuhi Waridi alirudi kisimani, akachukua kichupa, akakata ndizi. Mkono ulikuwa umeshafika mdomoni mwa Iliasi alipokumbuka kutazama ukutani. Mbele ya picha ya kidonge palikuwa na mstari mnene mweusi wa mkaa. Bibi alikuwa ameshampa. Waridi alirudisha kidonge chupani, kisha akala ile ndizi mwenyewe.

Mama alirudi Jumanne. Kabla hajavua viatu, Waridi alimsimulia kila kitu. Mama alimkumbatia Iliasi kwanza, muda mrefu, ndipo akaenda kusimama mbele ya orodha. Aliisoma mstari kwa mstari.

"Nilikosea," alisema. "Nilikwambia ukumbuke, nikaona nimemaliza. Kazi za nyumba nzima hazikai katika kichwa cha mtu mmoja, awe mutoto, awe mukubwa. Ulikuwa unazifanya, halafu unazibeba tena kutwa nzima darasani. Ziandike, mwanangu. Ukiifanya moja, itie alama, uiache hapo ukutani. Na siku ukikosa, sema mapema, maana kosa lililosemwa lina dawa."

Kisha akaokota kipande cha mkaa.

"Sasa nionyeshe," alisema. "Zangu ni zipi?"