Masikio ya Tembo ya Mama Clotilde

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni kwa masista, Hortense alitakiwa kuchota ndoo ya maji bombani na kumwagilia mmea wa mama yake, Mama Clotilde. Mmea huo uliota karibu na mlango. Uliitwa masikio ya tembo, maana jani lake moja lilitosha kumkinga mtoto na mvua. Katika mtaa wao mjini Élisabethville hapakuwa na mwingine kama huo. Wapita njia walisimama kuutazama, na Mama Clotilde alijifanya hawaoni.

Lakini bombani palikuwa na foleni ndefu, na kando ya foleni wasichana waliruka kamba. Kiangazi kilipoanza, Hortense naye akawa anaruka kamba, kisha analowesha miguu ili aonekane amebeba maji, na kurudi nyumbani akitweta.

"Umemwangia muti mayi?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Ona miguu yangu!"

Majani yakanyauka, yakaning'inia kama nguo zilizoloa. Mama Clotilde akasema ni macho mabaya ya jirani, Mama Germaine, aliyekuwa akiusifu mmea huo mno. Akaacha kumsalimia. Hortense alisikia yote, akachukua ndoo yake akaondoka.

Ikaja habari kwamba Mama Mukubwa Constance, dada mkubwa wa mama, anakuja kutoka Kasomeno. Ndiye aliyeleta mbegu ya mmea ule! Hortense aliingia uani kwa Mama Germaine, akakata majani ya mgomba, akayachomeka udongoni penye majani yaliyokauka ili mgeni asigundue.

Mama Mukubwa, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, alifika, akainama, akalishika jani moja. Likang'oka lote.

"Clotilde! Tembo yako imegeuka mugomba? Na haina hata muzizi!"

Papo hapo Mama Germaine akaingia. "Hodi! Nani amenyoa mugomba wangu?"

"Wewe unauliza?" Mama Clotilde alifoka. "Wewe mwenye kuua muti yangu na macho?"

Hortense aliona wanakaribia kushikana mashati. "Hapana, mama!" alilia. "Ni mimi. Sikumwanga mayi. Nililowesha miguu tu."

Mama Mukubwa akaangua kicheko mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Basi miguu yako ingeota majani!"

Alichimba kwa kidole, akagusa kiazi cha mmea. Kilikuwa bado kigumu. Wakakata majani makavu, wakafunika shina kwa nyasi. Mama Clotilde alimwomba radhi jirani yake, naye Mama Germaine akaleta samadi ya mbuzi. Hortense aliumwagilia asubuhi na jioni, miguu yake ikiwa mikavu. Mvua za kwanza ziliponyesha, jani jipya lilichomoza likiwa limejikunja, kisha likafunguka kama mwavuli.

Mama Clotilde alimketisha Hortense karibu naye. "Mutoto wangu, muti ilikuwa na kiu tu. Kama ungesema mapema, ndoo ya mayi ingetosha. Lakini uongo yako ilitaka kunipotezea jirani. Kazi ikikushinda, sema. Sitakukula."